Mwamuzi wa Kunawa Mikono

Jumanne, tarehe 2 mwezi wa saba

Siku kubwa! Nimepewa protokole, kuwapanga wageni wa arusi!

Nieleze vizuri, maana daftari hili litasomwa siku moja na wajukuu zangu. Papa Léon anaozesha binti yake mkubwa, Naomie, Jumamosi ya tarehe 13. Wageni mia moja arobaini na watatu. Kwao hapo hakuna anayekula mpaka jina lake liitwe akanawe mikono, na majina huitwa kwa heshima, mmoja baada ya mwingine. Ukikosea umemtukana mtu na ukoo wake wote. Miaka mitatu iliyopita, kwenye ndoa nyingine, Mjomba Bienvenu, kaka wa mama yake Naomie, aliitwa wa tisa. Aliondoka na mikono mikavu, akarudi kwao Nyangwe kwa miguu, na hakusema na Papa Léon mpaka Pasaka ya mwaka huu.

Basi leo Papa Léon kaja hapa sekretaria yangu, kiduka cha kuchapa, karibu na soko la Kasongo, kutoa fotokopi za mialiko. Nikamwambia kompyuta yangu inaweza kupanga majina yote kwa kufumba na kufumbua, bila upendeleo, bila kusahau mtu. Akauliza mara mbili kama ni kweli. Nikajibu mara tatu kwamba ni kweli.

Hapo hapo nikachomeka neno kuhusu Falone. Falone ni binti yake wa pili, mwalimu wa darasa la nne. Akikuangalia unahisi anakusahihisha daftari. Nampenda tangu mwaka jana. Yeye anajua. Soko zima linajua. Papa Léon akapangusa miwani, akasema haya: fete, sherehe yenyewe, ikiisha bila mtu kununa, wajomba zangu waje na posa, atawasikiliza. Akinuna hata mtu mmoja, nisahau.

Nani atanuna mbele ya kompyuta? Nimeshaoa!

Hervé hajapata habari. Hervé anafundisha shule moja na Falone, anavaa kravati shingoni hata joto likiwaka, na siku zote ndiye hupanga majina ya fete za watu, kwa vipande vya karatoni alivyovitia kwenye sanduku la viatu. Karatoni! Maskini. Enzi zake zimekwisha na bado anatembea kifua mbele.

Alhamisi, tarehe 4

Aibu ndogo. Ndogo sana.

Jana nilichapa majina yote na miaka ya kila mtu. Nikaiambia programu: panga kwa miaka, kisha geuza, mkubwa awe juu. Maneno mawili tu. Nikatoa karatasi bila hata kuisoma, nikaipeleka kwa Papa Léon, nikiwa nimevaa shati la Jumapili.

Mama Pélagie ndiye aliyeipokea. Huyu ni dada yake Papa Léon, miaka sitini, na ndiye atakayeita majina kwenye megafoni. Akasoma. Akauliza huyu Sonia ni nani, wa kwanza kabisa. Nikasema ni mtoto wa jirani yao. Akauliza ana miaka mingapi. Tisa. Akauliza kwa nini mtoto wa miaka tisa anawe mikono kabla yake yeye, aliyemkata kitovu.

Akaendelea kushuka na kidole. Akafika chini, kwenye watoto. Akamkuta Mzee Célestin.

Mzee Célestin ni babu yake Papa Léon. Ana miaka mia moja na miwili. Kompyuta imemweka katikati ya mtoto wa miaka kumi na mmoja na mtoto wa miaka kumi!

Nimerudi nikakaa na kitabu changu cha programu, kile cha fotokopi, mpaka nikaelewa. JavaScript, lugha ninayoandikia programu, usipoiambia kitu, inasoma namba kama maneno. Inaangalia herufi ya kwanza tu ndipo iende ya pili. Tisa inaanza na 9, sitini inaanza na 6, kwa hiyo tisa ni mkubwa. Mia moja na mbili inaanza na 1, basi akae na watoto. Imepanga miaka ya watu kama kamusi inavyopanga maneno!

Lakini dawa ipo. Unaandika funksheni yako mwenyewe ya kulinganisha. Mimi yangu nimeipa jina Mwamuzi. Kazi yake ni nyepesi: mashini inashika watu wawili, mmoja kushoto, mmoja kulia, inamuuliza Mwamuzi nani atangulie. Akijibu namba chini ya sifuri, wa kushoto anatangulia. Juu ya sifuri, wa kulia. Akijibu sifuri, wako sawa. Mashini inauliza, mimi najibu. Yaani mimi ndiye mwenye heshima ya watu wote wa Kasongo mfukoni!

Sifuri sitaitumia. Sifuri ni jibu la mtu mwoga.

Ijumaa, tarehe 5

Mwamuzi ameanza kazi. Nilitoa miaka ya wa kulia katika miaka ya wa kushoto. Ikatoka kinyume. Wa kwanza kuitwa: kitoto cha siku arobaini, hata meno hakina. Wa mwisho: Mzee Célestin. Nikageuza, ikawa sawa. Dakika mbili tu.

Hii karatasi ya kinyume nimeichana vipande vipande. Nilikuwa peke yangu. Hakuna aliyeona.

Falone ameona. Alikuwa amesimama mlangoni anasubiri fotokopi za mtihani. Akasema walau safari hii Mzee Célestin ametoka kwenye darasa lake. Akacheka njia nzima mpaka shuleni, nilimsikia. Hata hivyo alipofika kona aligeuka nyuma. Mtu asiyekutaka hageuki nyuma.

Jumapili, tarehe 7

Baada ya misa nilimfuata Mama Pélagie na daftari. Nikamwambia Mwamuzi anajua miaka sasa. Akasema miaka peke yake si kitu. Nikamwomba aniambie heshima ya kwao, yote, kanuni kwa kanuni. Akanikalisha kwenye kigoda, akanipa sombe, majani ya muhogo, akasema niandike.

Kanuni ya kwanza: mjomba, ndugu ya mama, anatangulia watu wote wa upande wa baba, hata kama kwa miaka ni mdogo wao. Bila yeye mama yake bibi arusi angetoka wapi?

Ya pili: mukwe, aliyeoa hapo nyumbani, anatangulia wajomba. Wajomba walikula mbuzi wake. Huwezi kula mbuzi ya mtu halafu ukanawa kabla yake.

Ya tatu: wengine wote, miaka.

Kanuni tatu! Nilifikiri zitakuwa thelathini. Nimeziandika zote ndani ya Mwamuzi kabla sombe haijatoka tumboni. Hervé angehitaji maboksi kumi ya viatu. Nampa pole kwa moyo wote.

Nimepita mbele ya nyumba yake, nikamsalimia kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Jumatatu, tarehe 8

Kompyuta inanicheza.

Nilipanga asubuhi: wa kwanza Kasimu, wa pili Mjomba Bienvenu, wa tatu Mzee Célestin. Kasimu ni mfanyabiashara wa dhahabu, Mwislamu, alitoka huko mashariki akaoa binti wa ukoo wa Papa Léon, sasa anakaa Wamaza. Mukwe kabisa. Vizuri.

Saa nne nikaongeza majina mawili yaliyosahaulika, nikapanga tena. Wa kwanza Mjomba Bienvenu! Wa pili Mzee Célestin! Kasimu wa tatu!

Nikahamisha mistari kidogo, nikapanga tena. Wa kwanza Mzee Célestin!

Watu wale wale. Mwamuzi yule yule. Nimeipiga mashini kofi la pembeni, ikatoa orodha ya nne. Hapana, hiyo ya nne ilikuwa ya pili, nilichanganya karatasi.

Saa sita Falone akapita kuchukua mitihani yake. Akanikuta kichwa mezani. Nikamweleza. Akachukua chaki, akachora duara kwenye mlango wangu. Akaandika Kasimu, akachora mshale mpaka kwa Mjomba: mukwe anamtangulia mjomba. Kutoka kwa Mjomba mshale mpaka kwa Mzee: mjomba anatangulia upande wa baba. Kutoka kwa Mzee mshale mpaka kwa Kasimu: miaka, mia moja na miwili kwa arobaini na tano. Mishale ikazunguka ikarudi ilipoanza. Akasema hapo hakuna wa kwanza. Anayeshikwa kwanza na mashini ndiye anayepata bahati.

Nikamuuliza kwao wanafanyaje basi. Akashangaa. Akasema kwao hao watatu huwa hawaitwi. Wasichana watatu wanatoka jikoni pamoja na mabeseni matatu, kila mmoja anapiga magoti kwa mzee wake, maji yanamwagwa wakati mmoja. Ile mara ya Mjomba Bienvenu kulikuwa na beseni moja tu, mengine yalikuwa yameazimwa na kanisa. Ndiyo sababu alinuna. Akaniambia niwape sifuri wote watatu, niende kula.

Sifuri! Nikamwambia hiyo si programu, hiyo ni mabeseni. Nitaacha ile orodha ambayo Kasimu yuko juu, sitaigusa tena, na dunia itatulia.

Chaki haitoki mlangoni. Wateja wanauliza kama ni tangazo la mchezo wa mpira.

Jumatano, tarehe 10

Vita! Mama Pélagie amefuta jina langu!

Nilimpelekea orodha aione. Mimi nilikuwa katikati, kwa miaka yangu thelathini na mmoja, nyuma kidogo ya Hervé ambaye ana thelathini na mitatu. Akachukua kalamu, akanipiga mstari. Akasema mtu wa protokole haitwi. Anakula mwishoni, nyuma ya nyumba, na wapishi. Ndivyo ilivyo.

Nyuma ya nyumba! Falone akiwa mbele! Na Hervé anaitwa kwa jina lake lote mbele ya ukoo mzima, anakwenda taratibu na kravati, ananawa vidole kimoja kimoja, Papa Léon anamtazama. Nani atanikumbuka mimi, Octave, niliyeko na masufuria?

Nikasema mbele yake ndiyo mama, sawa mama. Nikarudi, nikaliacha jina langu pale pale lilipokuwa, na nikamwongezea Mwamuzi mstari mmoja mdogo juu kabisa: wa kushoto akiwa Octave, jibu chini ya sifuri. Yaani atangulie. Si kwa kiburi. Nilitaka nimtangulie Hervé tu.

Nikajaribu. Nimetoka wa sita! Nyuma ya wazee watano tu, mbele ya Hervé kwa viti ishirini na vitatu. Kwa nini wa sita na si wa kwanza, sijui. Lakini ni adabu nzuri, nafikiri mashini imejiongeza yenyewe. Sijaigusa.

Ijumaa, tarehe 12

Nimesikia Hervé bado anapanga karatoni zake, eti ikiwa kompyuta itazima. Nani kamwomba?

Nikaenda kwake saa tisa na mpango. Ningemsalimia, ningegeuka ghafla kama mtu aliyeumwa na mdudu, kiwiko kingegonga sanduku. Nikafanya hivyo hivyo. Kiwiko kikagonga meza, meza ya mninga. Nikaona nyota. Sanduku likaanguka hata hivyo, karatoni mia moja arobaini na tatu zikatapakaa uani, kuku wakaja.

Hervé akasema pole. Kwangu! Akaenda kuniletea maji ya baridi ya kiwiko. Kisha akaniomba nimsaidie kuokota. Ningekataaje? Tukaokota saa nzima. Katikati nikaokota karatoni iliyoandikwa kwa mwandiko wake ule wa ubao: Octave, meza ya vijana, kiti cha karibu na Falone.

Nikamwonyesha. Akasema eh, Mama Pélagie alikuwa amenifuta, lakini yeye ameongea naye na amekubali. Ataniita pamoja na vijana, kama watu wote.

Mtego! Mtu hampi adui kiti kizuri bila sababu. Anataka nikae hapo nilegee, yeye afanye lake. Nimemshukuru kwa meno tu.

Eti ana mchumba Kabambare, anaitwa Emmanuella. Alinionyesha hata picha yake, nikasema mzuri. Kila mtu anaweza kuwa na picha.

Jumamosi, tarehe 13, saa kumi na moja jioni

Naandika haya nikiwa nimekalia kiti cha mzee chenye ngozi ya mbuzi. Siruhusiwi kusimama. Nianze mwanzo.

Saa moja asubuhi Mama Pélagie akatuma ujumbe: anataka orodha isiyo na jina langu, Hervé ataliongeza kwa kalamu mahali pake. Alitaka karatasi safi. Nikafuta jina langu, nikapanga, nikamtumia aione kwenye simu. Akasema vizuri, toa sasa kwenye karatasi.

Kwa kalamu! Na mwandiko wa Hervé! Nikaona hapana. Nikaliandika jina langu tena haraka haraka, mwishoni kabisa mwa orodha, chini ya kitoto cha siku arobaini. Nilijua Mwamuzi atanipeleka wa sita. Betri ya sola ilikuwa inalia. Nikapanga, nikatoa, nikakunja, nikakimbia. Sikusoma. Mtu husoma kitu alichokijaribu tayari?

Uwanja umejaa. Wali wa Kasongo unanukia, mbuzi, samaki wa Lualaba. Naomie mzuri mpaka watu wanasahau kuzungumza. Mama Pélagie akapanda kwenye benchi na megafoni. Akafungua karatasi. Akaita bila kuangalia mara mbili, maana miwani yake ni ya kuazima na haimfai: wa kwanza kunawa mikono, Octave.

Hata mbuzi waliobaki waligeuza shingo kunitazama.

Mjomba Bienvenu akachukua kofia yake. Nikamwona anapima njia ya Nyangwe kwa macho. Kasimu akatazama juu, kama mtu anayetafuta mvua wakati wa kiangazi. Papa Léon akavua miwani, akaangalia mahali nilipo, na mimi nikaona posa yangu inaondoka na mikono mikavu.

Ndipo Mzee Célestin akauliza nani ameitwa. Wakampigia kelele sikioni: Octave! Akauliza Octave gani. Wakamnyooshea. Akainuka na fimbo yake, watu wawili wakataka kumshika, akawafukuza. Akanijia polepole uwanja mzima, akasimama mbele yangu, akanichungulia usoni. Kisha akasema, kwa ile sauti ya watu wasiosikia vizuri, kwamba yeye alidhani amebaki peke yake katika watu wa zamani. Kwamba miaka yote alimwomba Mungu amwonyeshe aliyemtangulia kuzaliwa, hata mmoja. Akavua kofia. Akanisalimia: Jambo, babu!

Uwanja ukapasuka. Watu walicheka wakashikana. Mjomba Bienvenu alicheka mpaka kofia ikamtoka mkononi, Kasimu akamwokotea, wakaegemeana wakilia machozi. Na katikati ya kelele hiyo nikaona mlango wa jikoni unafunguka. Falone mbele, akinyoosha kidole huku na huku, na nyuma yake wasichana watatu na mabeseni matatu. Wakapiga magoti pamoja. Kasimu, Mjomba na Mzee wakanawa wakati mmoja, bado wanacheka, hata hawakuangalia nani amelowa kwanza.

Baada ya hapo Mama Pélagie aliweka karatasi yangu chini ya benchi lililokuwa linayumba. Hervé akampa karatoni. Majina yaliyobaki yaliitwa kwa karatoni.

Hakuna aliyenuna! Hakuna hata mmoja! Nilihesabu nyuso.

Lakini mimi nilikalishwa kwenye kiti cha ngozi, na Mzee Célestin akakaa chini yangu, kwenye mkeka, kwa adabu. Wakaniletea ini lililopondwa na bugali laini, eti babu hana meno. Nikaombwa kubariki maharusi. Nikabariki. Watoto wakaja kwa msururu, wote, jambo babu, jambo babu, Sonia mara nne. Muziki ulipoanza nikainuka nicheze na Falone. Mzee akanivuta suruali, akasema watu wa umri wetu hawachezi, magoti yatatoka. Nimekaa. Falone amecheza na Hervé. Amecheza pia na Kasimu, na Mjomba Bienvenu, na mpishi.

Alipita mara moja, akaniwekea kipande cha nyama ya kweli chini ya ini. Alikuwa anajing'ata midomo asicheke. Nampenda sana, nitakufa.

Jumapili, tarehe 14

Nilikwenda kwa Papa Léon mchana kudai ahadi. Nikamwambia fete imekwisha na hakuna aliyenuna. Akakubali. Akasema tena kwamba hawajawahi kufurahi hivyo, hata Mjomba Bienvenu amelala hapo hapo badala ya kuondoka. Moyo wangu ukapaa.

Kisha akasema kuna jambo moja. Mzee Célestin amenisalimia babu mbele ya ukoo wote. Mimi ni mkubwa wake. Mzee ni babu yake Papa Léon. Kwa hiyo Falone kwangu mimi ni kitukuu cha mjukuu, au kitu cha namna hiyo, alihesabu kwa vidole akapotea. Mtu anaposaje kitukuu chake? Wajomba zangu wakija atawapokea vipi, wakati mimi mwenyewe ni babu yao wote?

Nikasema ni utani. Akasema ndiyo, utani, lakini ni utani wa mzee wa miaka mia na miwili. Nani ataufuta akiwa hajaufuta mwenyewe?

Nikaenda kwa Mzee. Alikuwa anaota jua. Nikapiga magoti. Akakataa nisipige magoti, mkubwa wake mimi. Nikamsihi. Akafumba macho, nikadhani amelala. Akasema iko njia. Tarehe 28 mjukuu wa Mjomba Bienvenu anabatizwa Nyangwe, ukoo wote utakuwepo. Siku hiyo niitwe wa mwisho kabisa, nyuma ya watoto wanaonyonya. Hapo nitakuwa nimezaliwa upya, kijana mdogo, na kijana anaweza kuoa. Lakini wa mwisho kweli. Nikiitwa mahali pengine popote, nitabaki mzee mpaka afe yeye, na yeye hana mpango huo.

Wa mwisho! Hicho tu? Nimeruka njia nzima kurudi.

Nimepata pia kosa lilikuwa wapi. Ule mstari wangu unasema wa kushoto akiwa Octave. Haukusema chochote Octave akiwa kulia. Mashini ikipanga, anayefika anasimama kushoto, waliokwisha kupangwa wako kulia. Jumatano nilikuwa katikati ya orodha, wazee wakaja baada yangu, wakanikuta niko kulia, Mwamuzi akanisahau akaamua kwa kanuni za Mama Pélagie, wakapita. Jumamosi nilijiandika mwishoni. Nikaja nyuma ya watu wote, nikakutana na kila mmoja nikiwa kushoto. Nikamtangulia hata Mzee.

Kwa hiyo si kosa langu. Ni kosa la kusimama upande mbaya.

Jumatano, tarehe 17

Mambo yamekaa sawa kuliko nilivyoomba.

Papa Léon alikuwa amempa Hervé orodha ya ubatizo. Lakini Hervé anakwenda Kabambare kwa pikipiki kumwona Emmanuella, kwa wiki mbili. Nilimsaidia kufunga mzigo, nikamwambia asijali, orodha nitaifanya mimi, kama ndugu. Alisita. Akanipa sanduku la viatu, akasema jina langu ameshaliweka chini kabisa, nisiguse kitu, nimkabidhi Mama Pélagie tu.

Nimeliweka sanduku juu ya kabati. Karatoni!

Falone alipita saa sita. Nikamwambia Mwamuzi amerudi kazini. Hakuamini. Akachukua karatasi yenye majina, akaandika Octave kwa kalamu nyekundu chini ya jina la mwisho, akapiga mstari chini yake. Akasema imekwisha, hakuna programu hapo, na yeye hana nia ya kuzeeka akisubiri babu yake apungue miaka. Alisema hivyo. Aliona haya baada ya kusema. Nilitaka kupiga ngoma.

Alipoondoka nikachukua karatasi mpya. Kalamu nyekundu ni ya walimu. Jambo kubwa hivi, maisha yangu yote, siwezi kulikabidhi kwa kalamu.

Nimefuta ule mstari wa zamani, nikamwekea Mwamuzi mmoja mpya tu, mzuri, mfupi: wa kushoto akiwa Octave, jibu juu ya sifuri. Yaani asubiri. Nimejaribu mara moja na majina matatu. Nimetoka wa mwisho. Imefanya kazi! Nimemtumia Falone mstari wenyewe ajionee.

Falone kanitumia ujumbe sasa hivi. Anauliza swali moja: na Octave akiwa kulia je?

Nimemjibu atulie. Hilo nimeshalifikiria. Kujiandika mwishoni ndiko kuliniponza, basi safari hii nimejiandika wa kwanza kabisa, juu ya majina yote, wengine waje wanikute nimeshafika. Wajomba zangu nimewaambia wapige pasi mashati.